Glenys Ackroyd na Mashine Zilizobaki Skelbeck

Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, saa kumi na moja jioni, Bi. Glenys Ackroyd atafunga dirisha la mapokezi la kitengo cha kusafisha damu, Hospitali ya Skelbeck, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Ameomba tusilie. Ameomba pia keki ya ndimu isinunuliwe dukani, na agizo hilo ndilo linalotutia hofu zaidi.

Alianza mwaka 1981 akiwa mpiga chapa katika ofisi ya kumbukumbu, akahamia kwetu kitengo kilipofunguliwa na mashine nne. Leo ziko kumi na nne. Wagonjwa wetu figo zao zimekoma kufanya kazi. Huja mara tatu kwa wiki na kulala kwa muda wa saa nne huku mashine ikiwasafisha damu, na wengi humwona Glenys mara nyingi kuliko wanavyowaona watoto wao. Kwake kila mtu ni “kipenzi”, awe mgonjwa, daktari bingwa au fundi wa mabomba. Daktari mmoja mgeni aliwahi kudai aitwe kwa cheo chake. Akaitwa “Daktari kipenzi” mpaka alipohama.

Wasifu huu ungekuwa wa uongo kama ungeruka vuli ya mwaka 2014. Bodi ya hospitali ilitangaza kwamba kitengo chetu kitakabidhiwa kampuni binafsi. Kipeperushi chao kilikwepa neno kubinafsisha, kikaandika “ubia”. Glenys alikisoma akiwa amesimama, akavua miwani. “Ubia ni mimi nilete keki, wewe ulete chai,” akasema. “Hawa wamekuja na kisu tu.”

Aliyekuwa na hofu kuliko wote ni Bwana Desmond Tindall, dereva wa basi mstaafu aliyekaa dakika kumi na mbili kutoka hospitalini. Uvumi ulikuwa kwamba kampuni ingehamishia mashine jijini. “Maili arobaini kwenda, maili arobaini kurudi, mara tatu kwa wiki,” alimwambia Glenys dirishani. “Sitakuwa naishi tena. Nitakuwa kifurushi.”

Jumamosi iliyofuata Glenys aliweka meza ya kukusanya sahihi sokoni, kando ya gari la chanjo ya mafua. Watu wetu wakiona foleni huingia kwanza, kuuliza baadaye. Nusu ya waliofika mezani kwake walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati. “Shusha mkono, kipenzi, hapa hatuchomi. Weka sahihi, kisha ukapange foleni upya pale.” Mzee Ogden, muuza samaki, alipotea upande wa pili. “Nimekuja kuitetea hospitali,” alilalamika huku akishika bega, “nayo imenidunga!” Nesi wa gari lile alikiri kwamba hajawahi kuchanja watu wengi kiasi kile kwa siku moja.

Hapa lazima nijitaje, mimi fundi wa mashine. Sikutia sahihi. Kampuni ilikuwa imeniahidi ukuu wa mafundi na mashine mpya, na zetu mbili nilikuwa nazibembeleza kila asubuhi ziwake. Kwa miaka sita serikali iliniambia nisubiri. Sikuona aibu kuwaza kwamba mwenye kuleta mashine na azilete. Glenys alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai. “Mpya nazitaka hata mimi, kipenzi. Nataka kujua tu zitakaa wapi.” Mimi nilikuwa nimeusoma mkataba wote wa bodi na kampuni. Nilijua. Nilikunywa chai nikanyamaza, na hadi leo nikikumbuka uso unaniwaka. Siku nne baadaye niliweka mezani kwake nakala ya ukurasa wa mkataba uliotaja mahali hapo, nikaondoka bila salamu.

Glenys huogopa kusema mbele ya watu. Hata kwenye harusi ya bintiye alimsukumia mumewe hotuba. Kwenye mkutano wa hadhara, katika ukumbi wa kanisa, alisimama na nakala ile mkononi, akasoma sentensi moja: baada ya miezi miwili, huduma zote zitatolewa katika kituo cha jijini. Kisha akakaa. Mama aliyetumwa na kampuni alijibu kwa upole kwamba wateja watapangiwa usafiri.

Bwana Tindall akainuka polepole. “Mteja ni mtu anayeweza kwenda duka jingine, mama. Mimi nikikosa mashine wiki moja, naenda kwa mzikaji.” Watu walicheka, kisha wakageuka kumtazama mama yule.

Mji wetu una watu elfu kumi na tisa. Sahihi zilifika elfu kumi na moja, na mwezi Januari bodi ikaahirisha mpango. Mashine mpya tatu zilikuja mwaka uliofuata. Glenys alipata barua ya onyo kwa kumpinga mwajiri hadharani.

Ushindi ule haukumponya mtu. Bwana Tindall alifariki mwaka 2017, akingali anasubiri figo. Mkewe, Muriel, alikuja kutushukuru. “Miaka miwili na nusu alikula chakula cha mchana nyumbani,” alisema. “Hiyo mlitupa nyinyi.” Glenys aliingia stoo kutafuta shuka, akakaa humo muda mrefu, akatoka bila shuka.

Kuahirisha si kufuta. Wiki iliyopita bodi ilitoa ajenda ya kikao cha wazi cha tarehe 9 Julai, na kitengo chetu kimo tena. Sisi tuliobaki kazini tumekumbushwa kwa maandishi tuchunge ndimi zetu. Glenys, kuanzia Jumatatu, atakuwa mkazi wa kawaida wa Skelbeck, na hakuna mtu duniani mwenye mamlaka ya kumwandikia onyo. Ameshaulizia kiti cha mbele.

Asante, Glenys, kwa miaka yote hii, na kwa chai uliyonimiminia nilipokuwa sistahili. Tunakutakia afya njema na mapumziko marefu yenye furaha, kuanzia tarehe kumi Julai.