Draiva ya Mwalimu

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemezwa ukutani kati ya kibanda changu cha viatu na chumba cha kinyozi. Ukiinuka ghafla upande mmoja, wa upande wa pili anakwenda chini, kwa hiyo tumezoea kuagana kabla ya kusimama. Wenyewe wa hapo ni watatu. Mzee Gia aliendesha malori miaka thelathini na moja na sasa anaendesha mazungumzo. Msumeno ndiye kinyozi, na jina alilipata kwa mlio wa mashine yake. Mimi wananiita Soli, na kahawa inatoka kwenye chupa ya mke wangu, vikombe vitatu tu, wa nne atasubiri. Jumatano hiyo, kama saa kumi alasiri, wa nne alikuwa Mwalimu, mdogo wake mke wa Msumeno. Alikuja amekumbatia laptopu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

— Shemeji, mbona umekunja uso hivyo? Msumeno akamuuliza.

— Draiva, akasema Mwalimu. Draiva itaniua mwaka huu.

Mzee Gia akaweka kikombe chini taratibu.

— Dereva gani huyo? Mtaje tumjue.

— Si wa gari, mzee. Ni draiva ya kompyuta. Ndani humu kuna kadi ya picha, na draiva ni programu inayoiongoza. Kompyuta ikitaka kuonyesha kitu, draiva ndiyo inaifikisha picha kwenye skrini.

— Anachukua mzigo hapa, anaupeleka pale?

— Ndiyo.

— Basi ni dereva, mwanangu. Usitutoe kwenye ukoo.

Mwalimu akacheka kidogo, halafu akaacha. Akatueleza shida yake tangu mwanzo. Shule yao ina laptopu kumi na mbili, zote za aina moja, walizopewa na ofisi fulani ilipobadilisha vifaa. Mfumo uliomo umezeeka, na ukifika mwisho wa muhula watengenezaji wanauacha, hautapata marekebisho tena. Mfumo mpya bado haujatoka rasmi, ila toleo la majaribio lipo kwa yeyote anayetaka kulijaribu. Mkuu wa shule akamwambia ajaribu kwenye mashine moja. Ikikubali, somo la kompyuta linaendelea. Ikikataa, zote kumi na mbili zinaingia stoo, naye anarudi kufundisha jiografia peke yake. Kikao cha kuamua ni Ijumaa asubuhi.

— Na imekataa? nikauliza.

— Ingekataa moja kwa moja ningejua. Inakubali, halafu inanigeuka. Angalia.

Akaifungua. Akaiwasha, skrini ikawaka vizuri, picha ya mlima, maandishi yamekaa sawa. Tukaitikia kwa vichwa. Akaifunika ampishe mteja wa Msumeno apite, akaifunua tena. Mistari ya kijani na zambarau ikapita kutoka juu hadi chini, skrini ikapepesa mara mbili, ikawa nyeusi tii.

— Imezimia, akasema Msumeno.

— Haijazimia. Sikiliza feni, inazunguka. Iko hai, ila haioni.

Hapo ndipo kijiwe kilipoanza kazi yake.

— Hiyo ni joto, Msumeno akasema. Mashine yangu ikichemka nayo inatetemeka hivyo hivyo. Naipulizia.

— Joto gani, imewaka dakika mbili? Mzee Gia akamkata. Huyo dereva ni mgeni. Umemtoa wa zamani anayejua kila shimo, umempa usukani kijana wa juzi. Lazima aingie mtaroni.

— Ndivyo ilivyotokea hasa, akasema Mwalimu. Mfumo mpya ulimtoa wa zamani wenyewe, bila kuniuliza. Nikimrudisha, kesho yake nakuta umemtoa tena.

Mzee Gia akatutazama mmoja mmoja, kuhakikisha tumesikia.

Mimi nami sikutaka kubaki nyuma. Nikasema huenda ni gundi yangu. Ile gundi ya soli ina harufu kali, watu wazima inawapa kizunguzungu, sembuse kitu chenye tundu za kuvutia hewa pembeni. Nikaliziba kopo. Mwalimu akawasha upya, akafunika, akafunua. Mistari, kupepesa, giza.

— Ni yule pale, Msumeno akanong'ona, akimwelekezea kidevu fundi wa kuchomelea ng'ambo ya barabara. Cheche zake zinavuruga mawimbi. Hata redio yangu inakwaruza akianza.

Akavuka mwenyewe kwenda kumwomba. Mchomeleaji akainua kinyago chake, akasikiliza habari yote, akazima mashine. Mtaa ukatulia. Akaja naye kuangalia, glavu zikiwa mkononi. Mwalimu akawasha, akafunika, akafunua. Giza.

— Kwa hiyo si mimi, mchomeleaji akasema, na nadhani alihuzunika kidogo.

— Basi nimeelewa, Msumeno akasema, sauti imeshuka kabisa. Ni hii kamera iliyo juu ya skrini. Hilo toleo ni la majaribio, siyo? Nani anajaribiwa? Ni sisi. Inafumba macho ili tuseme ya moyoni, wao wanaandika.

— Waandike nini, kwamba umemkata mteja upande mmoja ukamwacha anasubiri? Mzee Gia akasema.

Kweli mteja alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, anafuatilia.

Wakati huo alikuwa amefika mkunga wa zahanati ya jirani kuchukua viatu vyake vyeupe. Nilikuwa nimembandikia visigino vipya. Alikaa mwisho wa benchi akavijaribu, akafunga kamba, akasimama kuvisikilizia, na muda wote huo masikio yalikuwa kwetu.

— Samahani, akasema. Waliotengeneza wanajua kwamba inazimika?

Msumeno alimwangalia Mzee Gia, Mzee Gia akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia mchomeleaji, naye akaanza kuzikagua glavu zake. Mwisho wote tukamgeukia Mwalimu.

— Nilidhani wanaona wenyewe, akasema.

— Wataonaje, nao wako huko na wewe uko hapa?

— Kuna sehemu ya kuwaandikia. Niliingia mara moja nikasoma walivyoandika wengine. Maneno makubwa, watu wamebobea. Mimi nimejifunza kompyuta ukubwani, kwenye semina ya wiki tatu. Nikaona nikiandika watacheka. Halafu nikajiambia labda kosa ni langu, labda kuna kitu nimebonyeza.

Alisema hayo akiitazama skrini nyeusi, na uso wake ulionekana mle ndani.

— Mama akija kwangu, mkunga akasema, simuulizi amesoma mpaka wapi. Namuuliza maumivu yalianza lini na yanakuja kila baada ya muda gani. Hayo anayajua yeye, mimi siyajui.

Akanishukuru kwa viatu, akaenda zake kazini. Sijui kama alijua alichokifanya.

Mzee Gia akamgeukia Mwalimu, na safari hii hakuwa anatania.

— Kwenye malori tulikuwa na daftari la hitilafu, akasema. Kila safari unaandika. Vijana wengi walikuwa wanaandika neno moja tu, bovu. Fundi afanye nini na neno bovu? Mimi nilikuwa naandika: mlima umenishika, gia ya tatu, mzigo kamili, breki ikavuta kushoto, nikajaribu tena ikavuta tena, mzigo ukishushwa haivuti. Fundi mkuu alikuwa akilikuta daftari langu anashika spana bila kuuliza swali. Toa karatasi, Mwalimu. Ulikuwa unafanya nini inapozimika?

— Nafanya kazi zangu tu.

— Hapana. Hapo hapo kabla, mkono wako ulikuwa wapi?

Mwalimu akafikiri. Akaiwasha upya na kuiacha wazi. Tukaikodolea macho. Dakika tano, kumi, robo saa. Akafungua picha, akafungua video ya somo la mito, ikacheza bila kukwama. Msumeno akapata muda wa kumalizia kichwa cha yule bwana. Skrini haikupepesa hata kidogo.

— Kwa hiyo ikiwa wazi ni nzima, akasema Mwalimu polepole. Ni nikifunika. Ninapofunika inalala. Ikiamka ndipo inapotea.

— Usiseme unahisi. Hesabu.

Tukahesabu. Mwalimu anafunika, mchomeleaji anaita sekunde kwenye simu, Mwalimu anafunua, mimi naandika kwa kalamu ya kuchorea soli. Mara saba, na mara zote saba ilitoka giza. Mzee Gia akataka tujaribu na draiva ya zamani pia, ili wasije wakasema mashine yenyewe imechoka. Mwalimu akaiwasha kwa ile njia ya dharura yenye maandishi makubwa na rangi chache, akaing'oa draiva mpya, akairudisha ya zamani. Tukafunika na kufunua mara saba tena. Mara zote saba mlima ulirudi mahali pake.

Jua lilikuwa bado juu ya paa alipoandika ripoti, kwa intaneti ya simu ya Msumeno. Aina ya laptopu. Jina la kadi ya picha. Namba ya toleo. Nilifanya hivi, nilitegemea hivi, ikatokea hivi, mara saba kati ya saba. Alipofika mwisho kidole kikasita juu ya kitufe.

— Na wakicheka? akauliza.

— Wakicheka watakuwa wameisoma, Msumeno akasema. Tuma, shemeji.

Akatuma.

Alhamisi alikuja mapema, mimi ndio kwanza napanga viatu. Alikuwa amejibiwa. Mmoja wa wanaoandika hizo draiva alimuandikia mwenyewe, kwa lugha nyepesi kuliko alivyoogopa. Alisema kadi hiyo ni ya zamani na kwao hakuna aliyekuwa nayo mezani. Wenye kadi hiyo waliowahi kulalamika walikuwa wachache, na wote waliandika tu kwamba skrini mbovu. Mwalimu ndiye wa kwanza kusema ni wakati wa kuamka. Akamwomba faili moja la kumbukumbu za mashine, akamwelekeza pa kulipata. Akamfundisha pia jinsi ya kuuzuia mfumo usiitoe tena draiva ya zamani wakati wanashughulikia.

— Soma tena hapo pa wa kwanza, Mzee Gia akasema alipofika. Mwalimu akamsomea. Akataka na Msumeno asomewe.

Ijumaa hatukuambiana kitu, lakini kila mmoja alikuwa kijiweni kabla ya saa nne, hata mchomeleaji, ambaye huwa hanywi kahawa. Mwalimu alipotokea kona ya mtaa tulijaribu kusoma mwendo wake tukashindwa. Akakaa kwanza.

— Mkuu aliniuliza kama imekubali, akasema. Nikamwambia imekubali kwa draiva ya zamani, na ya mpya inatengenezwa, na anayeitengeneza ananiandikia. Akasema ananiandikia wewe? Nikamwonyesha. Akasoma mpaka mwisho. Halafu akasema stoo isubiri. Amenipa mpaka wiki ya mwisho ya muhula, na mashine nyingine tatu nijaribu.

Msumeno akampa kikombe chake mwenyewe, na hilo si jambo dogo.

Wiki tatu zilipita. Katika hizo Mwalimu aliandika ripoti nyingine mbili, moja ya sauti inayokwaruza na moja ya herufi zinazofifia pembeni. Ya herufi mpaka leo haijatatuliwa, lakini hakuuliza tena kama watamcheka. Ndipo likaja toleo jipya la majaribio, na ndani yake draiva mpya. Alilipakua shuleni, akaja na laptopu hapa kabla ya kulijaribu. Alisema hakutaka kuwa peke yake.

Akaiwasha. Akaifunika. Mchomeleaji akahesabu sekunde bila kuombwa. Akaifunua.

Skrini ilisita, muda wa kama kumeza mate. Kisha ikaja yote kwa pamoja, mlima, mawingu, saa pembeni, wala hapakuwa na mstari hata mmoja.

— Tena, Mzee Gia akasema.

Mara ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Mwalimu alipofunua ya saba hakuinua kichwa kwa muda. Alikuwa anapitisha kidole pembeni mwa skrini kana kwamba anafuta vumbi, na vumbi halikuwepo.

— Sasa waandikie imepona, Mzee Gia akasema. Mimi nilikuwa nasaini daftari hata siku ya kupona. Fundi naye ni mtu.

Mwalimu akafungua ukurasa wa ripoti. Fomu iliuliza aina ya taarifa, akachungulia machaguo: hitilafu, kuganda, kupotea kwa data, nyingineyo. Mchomeleaji, aliyekuwa ameinama juu ya bega lake, akauliza:

— Habari nzuri inaandikwa wapi?

Tukaangalia wote. Tukashuka mpaka chini ya ukurasa, tukapanda mpaka juu. Haikuwa na mahali.

Mwalimu akachagua hitilafu. Kwenye maelezo akaandika aina ya laptopu, jina la kadi na namba ya toleo kama kawaida yake, na chini ya hapo: nimefunika na kufunua mara saba, nimeona mara saba. Asanteni. Jumatatu naanza na zile kumi na moja.

Akatuma, akafunika laptopu, akatuaga vizuri kabla ya kusimama.