Sanduku Lililoanikwa Mbele ya Duka

Kijiwe chetu cha Maneromango ni gogo moja refu mbele ya duka la kijiji. Mimi ndiye muuzaji wa duka hilo, na dirisha langu liko hatua mbili kutoka kwenye gogo, kwa hiyo hakuna neno linalosemwa pale likanipita. Mwaka huo, 1981, rafu zangu zilikuwa na chumvi, viberiti na nusu pipa la mafuta ya taa. Sukari ilikuwa imetoweka, na kashata zikatoweka nayo, lakini Mzee Mfaume hakukosa kuja na birika lake, na watu walikunywa kahawa chungu wakaridhika. Asubuhi hiyo ya Desemba walikuwa wakingojea lori la korosho kutoka Kisarawe. Ndani yake angekuwamo Mwalimu Onesmo, mwalimu mkuu, na mfukoni mwake orodha ya watoto wa darasa la saba waliochaguliwa kwenda sekondari. Mwanangu Mwanamvua alikuwa amefanya mtihani huo. Na juani, mbele ya gogo, lilikuwa limeanikwa sanduku la bati la kijani lenye jina lake.

Sanduku lilikuwa langu. Kijiji kizima kilichanga kuninunulia nilipochaguliwa mimi, mwaka 1962, na nilipomaliza kidato cha nne nikalirudisha, pamoja na mimi mwenyewe. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya majibu, wazee humteua mtoto wanayemtegemea. Fundi hupaka utepe wa rangi nyeupe juu ya mfuniko, kufunika jina la zamani, kisha huandika jina la mtoto kwa rangi nyeusi. Kuanzia siku hiyo mtoto hachoti maji wala halimi shamba la shule, na Mwalimu humketisha mbele. Katika miaka yote hiyo ni watoto watatu tu wa shule yetu waliokwenda sekondari, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandikwa. Walikwenda na mifuko mitupu ya mbolea ya salfeti.

— Mwaka huu herufi zimenyooka, alisema Maneno, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hana pa kumzimia. Zikinyooka hivi, aliendelea, mtoto amepita.

— Herufi za fundi zinahusu nini? alidakia Melkiori. Huyo tunamwita Afisa. Aliwahi kuwa tarishi wa ofisi moja Kisarawe kwa miezi minne, na mpaka leo anatembea na faili kwapani. Wakubwa, aliendelea Afisa, wanatazama mwandiko wa mtoto mwenyewe. Mwandiko ukilala kushoto, wanajua huyu mvivu. Ukilala kulia, huyu atabishana na walimu.

— Na ukisimama?

— Ukisimama wanaogopa. Wanasema huyu kaandikiwa na mtu mzima.

— Basi nani anachaguliwa, Afisa?

— Ndiyo maana wachache.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini.

— Acha uzushi bwana. Hakuna mkubwa anayesoma mwandiko. Kibaha kuna mashine. Unaitia makaratasi upande huu, inatema majina upande ule.

— Umeiona?

— Shemeji yangu alikuwa anafagia chumba cha pili.

— Cha pili! Kwa hiyo aliona ukuta.

— Alisikia inavyotafuna! Na mashine ile haipendi vumbi. Makaratasi yetu yanafika mekundu kwa barabara hii. Ikionja vumbi la Maneromango, inatema.

— Kunyweni kahawa, alisema Mzee Mfaume taratibu. Inapoa.

Yeye hakuwa na nadharia. Alikuwa akigonganisha vikombe na kutazama barabara. Kila lori likija, Mzee Mfaume ndiye husimama wa kwanza, birika mkononi, na kuzunguka nyuma kutazama wanaoshuka. Siku zote nilidhani anatafuta wateja.

— Mama Mwanamvua! Redio aliniita. Wewe ndiye msomi wetu. Mashine ipo, haipo?

— Mimi nimesoma mpaka kuuza chumvi, ndugu yangu. Endelea tu.

— Wee mama, sisi tulijua utarudi mkuu wa wilaya.

— Hata mimi nilijua hivyo.

Wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa sababu ni utani wa miaka kumi na sita na umeshalainika. Lakini siku ile sikuwa na moyo nao. Asubuhi, nikimsuka Mwanamvua, aliniuliza: “Mama, nikikosa, jina langu litakaa pale mpaka lini?” Nilimwambia akakoroge uji. Alikoroga, hakunywa. Kwa majuma matatu alikuwa amekonda mabega. Wenzake walikuwa hawamwiti tena kuruka kamba. Walimpisha njiani kana kwamba amevaa nguo ya kuazima wasije wakaichafua. Na siwezi kumlaumu mtu, maana fundi alipokuwa anaandika, kopo la rangi nililishika mimi.

— Nitawaambia ukweli ambao hamtaupenda, Afisa alisema, akafungua faili lake lisilo na kitu. Mkosaji si mwandiko wala mashine. Ni sanduku.

— Sanduku limefanya nini?

— Linajua kusoma. Lilikaa shuleni miaka minne na huyu mama, sasa linajiona. Kila jina mnaloliandikia, linalipima, linalikataa.

— Sasa umesema! Redio aliruka. Wale watatu waliopita, sanduku halikujua habari zao!

— Basi tuandike jina la mtoto mjinga kabisa.

— Tuliandike la kwako, Afisa!

Hapo ndipo alipofika Eugenia, muuguzi mpya wa zahanati, mtu wa bara, hajamaliza mwezi kwetu. Alikuwa anangoja lori hilo hilo limchukue likirudi, akafuate dawa Kisarawe.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa.

Gogo lilikuwa limejaa. Eugenia aligusa mfuniko wa sanduku kwa kidole, akaona rangi imekauka, akakaa pembeni yake. Mzee Mfaume akampa kikombe. Jua lilikuwa bado chini, na mwanga wake ulilala juu ya utepe mweupe hata herufi za zamani zikaonekana zimevimba chini ya zile mpya. Eugenia akainama kuzisoma kama anavyosoma chupa za dawa.

— Mwanamvua. Na huyu wa chini yake… Salumu. Salumu M. Huyu naye ni nani?

— Wa mwaka jana, alisema Redio upesi.

— Alifaulu?

— Alikosa kidogo tu, alisema Afisa.

— Ni mwanangu, alisema Mzee Mfaume. Wa mwisho. Yuko Kibaha kwa mjomba wake, anajifunza ufundi.

Hayo tulikuwa tumeyasikia tangu Januari, na sote tulikuwa tumeyapokea bila kuyageuza upande wa pili. Eugenia uso ulimchangamka.

— Kibaha? Mimi nimehamia hapa kutoka huko, nimekaa miaka mitatu. Mwisho wa mwezi narudi kuchukua mizigo yangu. Mjomba anakaa sehemu gani, mzee? Nitampelekea kijana salamu zenu.

Aliuliza kwa wema, na hakuna mtu ambaye angeweza kumkasirikia. Nilimtazama Redio. Alikuwa akikuna doa la kahawa gotini. Afisa alifunga faili.

Mzee Mfaume alichukua kikombe kilichokuwa safi, akakisuuza, akakisuuza tena.

— Sijui, mwanangu, alisema.

— Hujui nyumba?

— Sijui kama ni Kibaha. Siku majina yalipobandikwa alisoma, akasoma tena, akasema anakwenda kuoga. Mtu mmoja aliniambia kamwona Mlandizi, anauza machungwa kwenye mabasi. Nikaenda, si yeye. Nikaona bora mtu aseme yuko kwa mjomba kuliko…

Nilikumbuka jinsi anavyozunguka nyuma ya malori na birika lake. Mwaka mzima nimekuwa nikimtazama kutoka dirishani kwangu.

Mafuta ya taa yalikuwa ya kugawana, chupa moja kwa kaya. Nilipima robo chupa kutoka kwenye fungu la nyumba yangu, nikachukua tambara, nikatoka nje.

— Binti, hebu niinukie.

— Mama Mwanamvua, unafanya nini? Lori linafika sasa hivi! Redio alipaza sauti. Je, kama amepita?

— Akipita, ataandikwa kesho. Rangi ipo.

Nilipiga magoti nikasugua. Rangi ilikuwa ya majuma matatu tu, ikalainika, ikatoka nyeusi na nyeupe pamoja, jina la mwanangu likaingia kwenye tambara herufi moja moja. Chini yake rangi ya mwaka jana ilikuwa ngumu, haikutikisika. SALUMU M. Ilitokea nzima kana kwamba imeandikwa jana. Niliongeza mafuta, nikaanza na ile S.

Mkono wa Mzee Mfaume ukashika wangu.

— Hapo basi, alisema. Hilo liache.

Nikaliacha.

Mwanamvua alikuwa amesimama kwenye kona ya duka, sijui tangu saa ngapi. Alilitazama sanduku, akanitazama mimi.

— Limetoka, mama?

— Limetoka. Chukua ndoo, kachote maji. Nyumbani hakuna hata tone.

Alisimama kidogo, kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba ni mzaha. Kisha akachukua ndoo, na nilimsikia njiani akimwita mwenzake kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia majuma matatu.

Mbali, kwenye kilima, lori lilibadilisha gia. Redio na Afisa walibaki wamekaa. Mzee Mfaume alisimama wa kwanza, kama siku zote, akatembea kuelekea barabarani. Safari hii birika aliliacha kwenye gogo.