Plastiki Nyeupe kwenye Magego

Basi lilipotoka Lamadi, bibi aliyekaa kiti cha mbele yangu alimfumbua mdomo mjukuu wake wa miaka saba, akamwonyesha mama muuza dagaa aliyekuwa pembeni yake. "Tazama, magego yameota plastiki. Nampeleka kwa mzee mmoja Nyashimo akayang'oe."

"Hiyo ni dawa, mayu, mama yangu," alisema yule mama. "Madaktari walipita shuleni. Wangu naye walimpaka ili yasioze. Mswaki asubuhi na jioni, asitafune miwa, basi. Hayo ni ya ukubwani, yakitoka hayaoti tena."

"Mbona mama yake hakuniambia?"

"Si umpigie?"

Simu ya bibi ilikuwa imezima. Yangu ilikuwa na chaji, lakini mambo ya watu wengine huwa nayaacha kwao.

"Mwanangu wa kwanza aliota meno ya plastiki akiwa mchanga, akashikwa na homa na kuharisha," bibi alisema taratibu. "Waliniambia nisiyang'oe, nisubiri daktari. Nilimzika nayo."



Gari liliposimama Nyashimo, bibi alishuka kwanza. Mtoto alimfuata, mdomo ameuziba kwa viganja vyote viwili.