Toa Gunia: Maneno ya Mpima Uzito wa Kikundi cha Tunapungua, Rau

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Mchungaji wetu, uliyetuazima ua huu wa kanisa bila kuuliza tutapika nini; Mwenyekiti wetu, Mzee Filemon; Bwana Indravadan na Mama Sharda wa duka la vyuma; wanakikundi wa Tunapungua, mliopo na mliopungua; na nyinyi majirani mliofuata harufu ya mbuzi wa ndafu: wakubwa shikamooni, wenzangu mambo, na kabla hamjaitikia naomba mnitazame vizuri. Huyu mnayemwona, Praygod, mtoto wa Rau, aliyeachana na shule kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili, ameondoa kilo mia mbili na kumi na nne za mafuta ya binadamu katika mtaa huu, bila kisu, bila dawa, na bila yeye mwenyewe kutoka hata jasho. Madaktari wana vyeti ukutani, mimi nina daftari. Ni nani katika mkoa huu mzima, hebu anyooshe mkono, aliyewahi kupunguza watu ishirini na watatu akiwa amekaa kwenye kiti?

Simwoni. Tuendelee.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilizaliwa mwezi wa tatu kwa sababu ya magoti mawili. Magoti yenyewe yako mstari wa mbele, chini ya kitenge cha njano, ni ya shangazi yangu Yuditha. Shangazi hajapiga magoti kanisani miaka mitatu. Anasali amekaa, na anasema Mungu siku hizi anamwona kama mtalii. Kihamba chake kule juu mlimani hajakikanyaga muda huohuo. Migomba yake inaangaliwa na shemeji yake, na shemeji anaangalia mikungu tu. Alipokwenda hospitali, daktari akamwambia, "Mama, magoti haya tunayapasua, lakini si kwa kilo mia na sita. Niletee tisini na tano."

Shangazi akamjibu, "Nikuletee? Nizitoe wapi, mwanangu, na wewe unataka niziache?"

Wakapatana tarehe. Tarehe yenyewe ni Jumatatu, yaani keshokutwa. Akifika na tisini na tano au chini ya hapo, anapasuliwa. Akizidi, nafasi anapewa mwingine, na yeye anarudi mwisho wa foleni mpaka mwakani. Ndiyo maana akaanza kutembea asubuhi mpaka ukingoni mwa msitu wa Rau na kurudi, na kwa kuwa hakutaka kuchekwa peke yake akamchukua jirani yake Zita, na Zita, ambaye mdomo wake haujawahi kunenepa kwa sababu haupumziki, akaita mtaa mzima.

Lakini kutembea bila kupima ni kama kuchunga ng'ombe bila kuwahesabu jioni. Mizani ikatafutwa. Nani mwenye ujuzi wa mizani? Mimi! Kila msimu wa kahawa napanda mlimani kuwapimia wakulima. Kulikuwa na mizani yao ya zamani, ile ya chuma ya kuwekea magunia, imestaafu. Nikaiomba, nikaipakia kwenye bajaji, na bajaji ikanung'unika mpaka hapa. Jumamosi ya kwanza mliipanda mmoja mmoja, mmevaa vitenge vyepesi kwa sababu ya joto la mwezi wa tatu, na wengine mmefumba macho, kana kwamba usipouona mshale na wenyewe haukuoni.

Si wote walioniamini. Mzee Filemon, shikamoo tena mzee, alisema daftari ni maneno ya vijana, yeye atajipima kwa matundu ya mkanda. Mwezi wa tano akatutangazia kwamba amerudi nyuma matundu matatu. Akinamama wakapiga vigelegele, mzee akazunguka uwanja mara mbili. Kumbe mkanda ni wa mwanawe, ambaye ni bonge kuliko baba. Usikasirike, mzee, tulikuheshimu sana siku ile.

Na Bwana Indravadan? Bwana Indravadan alinunua simu inayohesabu hatua. Kila siku anatuma kwenye kundi la simu: hatua elfu kumi na mbili, hatua elfu kumi na sita. Sisi tunatembea mpaka soli zinaomba talaka, hatufiki elfu nane! Nikaenda dukani kumpongeza, Mama Sharda akanivuta pembeni.

"Kijana, umeona ile bembea ya barazani?"

"Nimeiona, mama."

"Anakaa pale na sahani ya ladu za sukari, simu mfukoni, anabembea mpaka adhuhuri. Zile ni hatua za bembea!"

Bwana Indravadan, sikukusema kwa mtu. Leo tu, na kwa kipaza sauti.

Ndugu zangu, nawauliza: mtu anapungua kwa nini? Kwa mboga? Mboga tulikula, ila tulizila baada ya chakula. Kwa kujinyima? Hapa mwezi wa nne palikuwa na mjadala mkali kama mtori wetu wa ndizi na nyama ni chakula au ni kinywaji, na Mwenyekiti akaamua kwamba kinachonywewa hakina kilo, basi watu wazima wakaanza kubeba mtori kwenye chupa za chai. Hapana. Mimi nimegundua siri, na hamtaikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma, maana sijasoma: mtu anapungua kwa kuambiwa amepungua. Mtu akishuka nusu kilo nilimpigia filimbi, mkampigia makofi, naye wiki nzima alipita mtaani ameshika kiuno. Aliyeongezeka tulimwimbia polepole, kama tunampeleka makaburini, na Jumamosi iliyofuata alikuja amepauka kwa njaa. Huo ndio utaalamu wangu. Nikisoma namba nzuri, mtu anaamka kesho alfajiri bila kuitwa.

Sasa nije kwenye gunia.

Kwetu kwenye kahawa kuna sheria moja: gunia si kahawa. Unasoma mshale, unapaza sauti, "Hamsini na moja, toa gunia!" na karani anaandika hamsini. Gunia ni kilo moja, hata liwe limetobolewa na panya. Hakuna anayelipima gunia lenyewe. Ndiyo desturi.

Basi mwezi wa sita ukaja na baridi yake, mawingu yakakaa hapa chini kama wapangaji, na Zita akapanda mizani na sweta. Mshale ukapanda naye. Mnakumbuka alivyowaka?

"We Praygod! Kahawa mnaitolea gunia, mimi niliyebatizwa mnanipima na sweta?"

Nikaona ana haki. Nikapaza sauti, "Toa gunia!" nikaandika kilo moja chini. Yakapigwa makofi ambayo hayajawahi kupigwa. Jumamosi iliyofuata mkaja na sweta na koti; nikasema magunia mawili. Iliyofuata, sweta, koti na shuka. Mabuti nayo nilihesabu kila mguu na gunia lake. Mwezi wa saba Zita alikuja amevaa kama mtu anayekwenda kileleni, na akashuka kilo tano kwa siku moja, mbele ya mashahidi! Hakuna mkimbiaji duniani aliyewahi kufanya hivyo. Kadiri baridi ilivyozidi ndivyo mlivyozidi kukonda, na mimi kadiri mlivyokonda ndivyo nilivyozidi kuwa profesa.

Naona Bwana Indravadan ameanza kuhesabu kwa vidole. Ngoja kidogo, bwana, usinitangulie.

Mheshimiwa Diwani, kwenye ratiba hapo pameandikwa "kukabidhi cheti na mbuzi kwa mshindi wa kwanza, Mama Yuditha." Naomba usisimame kwanza.

Shangazi yangu hakuvaa nguo nyingi kwa ujanja. Alivaa kwa sababu baridi ikiingia kwenye magoti yale halali. Sweta mbili, koti, vitenge viwili na mtandio wa sufu: magunia sita. Jumamosi ya wiki tatu zilizopita mshale ulisema mia na moja, mimi nikasema toa magunia, nikaandika tisini na tano. Tisini na tano ya daktari! Mlimbeba juu, wengine mkalia. Akanishika kichwa akaniombea hapahapa, kwa Kichagga, maneno marefu ambayo hata mimi sikuyajua yote. Na kwa kuwa jua lilikuwa limetoka, na furaha nayo ina joto lake, akavua yale manguo akaniachia niyabebe.

Nikayabeba mpaka nyumbani. Mizani inalala kwangu. Nikayatupa juu yake, sina hata sababu, mkono tu. Mshale ukapanda mpaka mbili, ukakaa.

Magunia yote sita, kilo mbili.

Hesabu hiyo hata kidato cha pili haihitaji. Kilo nne zilikuwa za kwangu, si za mizani. Shangazi alikuwa tisini na tisa. Nilizipigia filimbi kilo ambazo hazikuondoka, na zenu nyote ziko hivyo. Zile mia mbili na kumi na nne sijui ni ngapi, huenda nusu, huenda chini ya hapo. Zita, usinitazame hivyo, na wewe uko humo.

Lakini hilo ni kosa, na kosa linasameheka. Nilikosea kwa desturi, hata karani angekosea. Tungeweza kucheka, tukapima upya na mtu mmoja-mmoja akarudishiwa kilo zake. Na shangazi alikuwa na wiki tatu nzima. Mwanamke aliyetembea na magoti yale tangu mwezi wa tatu, mvua ya masika inampiga, angeshindwa kilo nne? Angelala na njaa, angekwenda msituni mara mbili kwa siku, angezitoa.

Mzee Filemon ananionyesha saa, nami namaliza. Mheshimiwa, nakushukuru kwa kuja. Mchungaji, nakushukuru kwa ua. Wanakikundi, nawashukuru kwa kunisikiliza wakati mngeweza kunipiga, na ndafu mle tu, hayupo wa kuwapima. Cheti kibaki mezani. Nimekwisha kumwomba dereva wa bajaji anipeleke kwa daktari Jumatatu kabla shangazi hajafika, nikamweleze mimi, asije akarudishwa mlangoni mbele ya watu na begi lake la nguo.

Ila kuna neno moja ambalo si la mkutano, na nalisema mkutanoni kwa sababu nyumbani limenishinda siku ishirini na moja. Shangazi, Jumapili ile, kesho yake, hukwenda kutembea. Ulisema umefika, magoti yapumzike mpaka siku ya kupasuliwa. Ulipika mtori wa kushukuru, ule wa nyama ya mbavu, ukaniita nije wa kwanza kwa kuwa ndimi niliyekufikisha. Ukakaa mbele yangu na bakuli lako, ukala kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu bila kuomba ruhusa kwa mtu, na ukaniuliza, "Praygod baba, mbona huzungumzi leo?" Nikasema nina njaa. Manguo yako yalikuwa kwangu, nimeshayapima. Nilijua, shangazi. Nilijua, na nikasogeza bakuli uniongeze.