Herufi za Jiwe la Baba

Kwenye kiti cha mbele yangu, katika basi la asubuhi, binti mmoja alikuwa akipekua tovuti za mitindo ya herufi kwenye simu kama aliyepoteza kitu humo. Mama aliyeketi pembeni yake, ambaye hawakujuana naye, alimwuliza bila kusita anatafuta nini. Binti akaeleza kwamba fundi anamngoja ili achonge jina la marehemu baba yake kwenye jiwe la kaburi, na kaka zake wamemtupia yeye kazi ya kuchagua herufi: "Wewe ndiye mtu wa kompyuta."

"Hebu tazama, mama," akasema, akimwonyesha jina kwa herufi nene. "Mh! Mzee alikuwa mkali huyu." "Hakuwa mkali hata kidogo!" Akabadilisha upesi, zikaja nyembamba zenye mikia. "Sasa amekuwa mpole. Kama bwana harusi." "Wala hakuwa mpole hivyo. Alikuwa na kelele, mama, na utani mwingi."

Mimi ni mwalimu, huwafundisha watoto kwamba herufi ni herufi tu. Lakini nami nikanyoosha shingo nizione.

"Mwanangu, chukua zinazosomeka, yaishe." "Zote zinasomeka. Lakini nikikosea, jiwe halifutiki. Wajukuu watamjua mtu mwingine." "Na usipochagua, watamjua nani?"

Binti akarudi kwenye simu. Basi likasimama mbele ya karakana ya mawe ya kaburi, na fundi alikuwa mlangoni, patasi mkononi, jiwe limekwisha kuoshwa. Binti akashuka polepole, kidole bado kikisukuma ukurasa juu.