Mzee Hupewa Kiti

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Na majirani zetu Waislamu mliokuja kukaa nasi leo, asalaam aleikum.

Nashukuru kwa kiti, mwenyekiti wetu wa jumuiya, ila naomba kirudishwe ukutani. Nitasema nikiwa nimesimama. Msidhani nina kiburi. Mkinivumilia hadi mwisho mtaelewa kwa nini mimi na kiti hatupatani.

Mnanijua. Ni mtoto wa hapa hapa Keza. Wengi wenu mliniona kwenye usukani kabla hamjawahi kuniona nikitembea kwa miguu. Nilikuwa dereva wa shirika moja lililohudumia wakimbizi. Niliendesha malori ya maji, nikaendesha gari la wagonjwa, mwishoni nikaendesha wakubwa. Mashimo ya barabara za Ngara niliyajua yote, tena kwa majina niliyoyapa mwenyewe. Sikuwahi kupindua gari. Hilo nalisema kwa majivuno, mnisamehe, sina mengine mengi ya kujivunia.

Kisha mradi ukaisha. Walituita uani, wakatushukuru, wakatupigia makofi. Tukala wali na nyama ya mbuzi, tukarudisha funguo. Nilikuwa nimeshapita hamsini. Mke wangu alinipokea mlangoni akaniambia, "Karibu nyumbani, Baba. Sasa na sisi tutakuona mchana." Tulicheka sana siku ile. Ndugu zangu, nawaambia, hatukujua tunacheka nini.

Mwanzoni sikuogopa. Nilijiambia dereva mwenye uzoefu hawezi kukosa gari. Nikaanza kuzunguka, Ngara mjini, Rusumo kwenye malori, hadi Biharamulo. Kila ofisi na rangi yake, lakini mambo yalikuwa yale yale. Kijana aliye nyuma ya meza ananiona, anainuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Ananivutia kiti. Anauliza habari za nyumbani, na mvua za kwetu zikoje. Akishafika kwenye mvua, mimi nimeshajua. Wale vijana wenzake niliowakuta mlangoni hawakuvutiwa kiti, waliambiwa wapande gari waonyeshe kazi. Mzee hapewi kazi, ndugu zangu. Mzee hupewa kiti.

Niwaambie la Nemba, maana hilo ndilo lililonimaliza. Kulikuwa na kampuni inatengeneza barabara huko, inatafuta madereva wa tipa. Nikaenda. Wakanijaribu. Nilirudisha tipa nyuma kwenye mteremko, likiwa na mzigo, nikalisimamisha pale pale walipotaka. Mkuu wa magari, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, alikuwa amesimama pembeni anatabasamu. Nikashuka nikiwa na hakika. Akanichukua kando, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wangu, umeendesha vizuri kuliko wote."

"Basi naanza lini?"

Akatazama chini. "Baba, wewe ni sawa na baba yangu mzazi. Hapa kazi yetu ni kutumana na kufokeana. Tipa likichelewa mimi natukana. Wewe nitakutukanaje? Nikikutuma uniletee maji ya kunywa, Mungu atanitazamaje?"

Nikamwambia, "Mwanangu, nitume. Nitukane hata sasa hivi."

Akacheka, akidhani namtania. Akaninunulia soda. Akaniitia bodaboda inirudishe stendi, na nauli akalipa yeye. Alikuwa kijana mwenye adabu kweli kweli. Sijui kama mnanielewa. Angenidharau, ningemchukia nikapata nafuu. Lakini unamchukiaje mtu anayekuheshimu? Nilikaa stendi Biharamulo na ile soda mkononi, sikuweza kuinywa.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kusubiri simu ya kuitwa kazini, maana namba yangu nilikuwa nimeiacha kila ofisi. Watoto wetu wako mbali, kila mmoja na maisha yake, wakipiga simu wananiambia, "Pumzika, baba, umefanya kazi sana." Walisema kwa upendo. Lakini hata hicho nacho kilikuwa kiti.

Nyumba yangu mnaijua. Ilikuwa imesimama kilimani uchi, bila mgomba hata mmoja. Kwetu sisi nyumba isiyo na migomba ni aibu ya mwenye nyumba. Wakati wa mshahara ndizi nilinunua, na shamba aliloniachia baba likarudi pori. Sasa mvua zilipoanza, mke wangu akaniambia, "Baba, tupande migomba." Nikamjibu, "Mgomba unachukua mwaka na zaidi. Utakapozaa mimi nitakuwa nimeshaitwa, niko safarini." Mvua zilizofuata akasema tena, nami nikamjibu yale yale. Na zilizofuata tena.

Nadhani wanaume wenzangu mnalijua hili. Mtu akipanda mgomba amekubali kwamba hapa ndipo alipo. Mimi nilikuwa sijakubali. Simu haikutoka mkononi mwangu. Hata chooni niliingia nayo, nikiogopa isije ikalia nikiwa huko.

Mke wangu ndiye aliyelima. Alikwenda vibarua hadi Bugarama, anarudi magoti yamejaa udongo. Na alikuwa kwenye kile kikundi cha akina mama wanaolima kwa zamu, mnakijua, leo wote kwa huyu, siku nyingine wote kwa yule, mpaka mzunguko urudi. Zamu yake ikifika aliwapeleka kwenye mihogo nyuma ya nyumba. Mimi niko ndani, dirisha nimefunga. Nawasikia wakimuuliza, "Mzee hajambo?" Naye anawajibu, "Hajambo, anangoja wamwite kazini." Hakuwahi kuniaibisha mbele ya mtu. Hata jumuiya niliacha kuja, akawa anawaambia nina mafua. Yale mafua yalikuwa marefu, ndugu zangu.

Kisha akaanza kukohoa yeye. Tulidhani ni vumbi. Tulipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha, blanketi lilikuwa zito kuliko yeye. Nilikaa kando ya kitanda chake, simu mkononi, ndivyo nilivyokuwa nimezoea. Akaniambia, "Iweke chini, Baba. Unishike mkono."

Nikaiweka juu ya godoro. Lakini niliiweka uso wake ukiwa juu, ili ikiwaka niione. Akanitazama. Akanyoosha mkono wake ule uliokonda, akaigeuza mwenyewe.

Alifariki jua likiwa bado juu, nimemshika mkono. Simu ya kazi haikulia. Haikulia siku ile, na mpaka leo haijalia.

Naombeni maji kidogo.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Wazee wetu wamelala kwenye kivuli cha migomba. Yeye nilimlaza kwenye majani makavu, na hilo litaniuma mpaka nimfuate. Mlikuja wote, Mungu awabariki. Mkaniwekea kiti kile chenye mto. Kila aliyeingia, shikamoo mzee, pole mzee. Uji naletewa, maji ya kunawa naletewa. Nikawaza, sasa ndiyo nimeajiriwa, kazi yangu ni kukaa.

Mnajua kwetu msiba ukiwa haujaanuliwa jembe halishikwi. Siku ya kuanua matanga, asubuhi na mapema, nikasikia sauti za akina mama zinapanda na njia ya kutoka bondeni. Wakatokea. Kila mmoja na jembe begani na mche wa mgomba kichwani. Anayewaongoza ni yule bibi yetu, hana haja ya kutajwa, naona ameshaanza kufuta macho. Akasimama mbele yangu.

"Baba, pole na msiba. Tumekuja kurima. Wiki hii ni zamu ya marehemu."

Nikamwambia, "Bibi, mwenye zamu tumemzika."

"Yeye ndiye tuliyemzika. Zamu hatukuizika. Amerima kwetu sote mwaka mzima. Unataka tubaki na jasho lake?"

"Na hii miche?"

Bibi akawatazama wenzake, akanigeukia. "Alituomba mwenyewe kabla hajalala kitandani. Alisema zamu hii hataki mihogo, kila mmoja amletee mche mmoja. Alisema atapanda migomba, mzee atake asitake."

Mawe, mama yangu! Nilibaki nimekaa. Wakaanza kujipanga mistari, na mimi nikakivuta kiti changu kando ili niwapishe. Ndipo akanijia yule mama aliye mdogo kuliko wote kwenye kikundi, rika la binti yangu wa mwisho, mtoto mgongoni. Hakuniamkia. Hakunipa pole. Alikuwa amelitoa jembe la mke wangu jikoni, lile ambalo mpini umelika pale alipokuwa akishika. Akalitupa chini, miguuni pangu.

"Wewe! Inuka. Mstari ule wa mwisho ni wako. Tumepungua mmoja."

Watu waliguna. Shemeji yangu akainuka amkemee, bibi akamwambia, "Mwache."

Ndugu zangu, kaburini sikulia. Wengine mlinishangaa, mkasema ana moyo mgumu. Nililia pale, mbele ya yule binti, kwa ajili ya yale maneno, tumepungua mmoja. Miaka yote ile hakuna mahali palipopungua kwa sababu mimi sipo. Kila mahali walikuwa wametimia. Nikainuka. Nikalishika jembe pale pale mpini ulipolika kwa mkono wa mke wangu, nikalima huku machozi yanadondoka kwenye udongo.

Sikulima vizuri, nisiwadanganye. Viganja vya usukani si viganja vya jembe. Mstari wangu ulipinda, akina mama wakanicheka, wakasema mzee anakata kona. Tukapanda miche yote, mingine kuzunguka kaburi. Nikadhani yamekwisha. Bibi akafunga kanga yake, akaniambia, "Keshokutwa ni kwangu. Usichelewe." Basi, tangu siku ile zamu ya mke wangu ninayo mimi. Kule kilabuni wanapokunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wananiita mama mwenye ndevu. Waacheni waniite. Ndevu hazilimi.

Msidhani nimepona kabisa. Usukani bado nauota. Lori likipiga honi kule barabarani, mguu wangu wa kulia unatafuta breki nikiwa katikati ya maharage. Ningepewa gari kesho, ningeliendesha, na ningeliendesha vizuri. Na migomba yangu yote, ile iliyostawi mnavyoiona, ningeing'oa kwa mikono hii kama ningepata mchana mmoja tu wa yeye kuigeuza ile simu tena. Aliomba migomba mvua baada ya mvua, na ndizi yake hakuionja. Hilo halina dawa, nimelileta kwenu mnisaidie kulibeba.

Ule mkungu uliofunikwa majani pale mlangoni ndio wa kwanza kukomaa. Umetoka kwenye mgomba ulio kichwani pa kaburi lake. Nimeuleta tuule pamoja, maana mwenye nao hayupo. Bibi, asante. Akina mama wote wa kikundi, asanteni. Jumuiya, mlionijia wakati nilipokuwa nimeacha kuwajia, asanteni sana.

Kama kuna funzo, ni hili, nami si mwalimu. Nyumbani kwenu huenda yupo mzee aliyerudi na mikono yake mizima, na hakuna anayeitaka. Msimwambie apumzike. Mheshimuni, lakini mtumeni. Akikosea mstari, mwambieni amekosea. Na wewe mwenzangu unayesubiri kuitwa, sikwambii uzime simu. Panda huku unasubiri. Wakikuita nenda, migomba haitakushika miguu. Na yule anayekuomba mpande, mpandie angali anaona.

Nimemaliza. Kesho zamu ni ya yule mama mdogo aliyenitupia jembe. Yupo pale nyuma, amejificha kwenye kanga. Mwanangu, kesho nikifika usihangaike na shikamoo. Niambie tu nianzie mstari gani.