Barabara ya Musoma Ndani ya Ghala

Asifiwe Mungu aliyenipa pumzi ya kusimama mbele yenu leo bila kushikwa mkono! Ndugu zangu, mimi ni Mama Magesa, wa duka la sukari na mafuta pale Mabatini. Mchungaji ameniomba niseme kwa kifupi. Nimemwambia nitajaribu, lakini mnaujua mdomo wangu, ukishafunguka unakaa wazi.

Nataka kuwasimulia safari niliyosafiri bila kutoka mahali. Wengine mtacheka, na mcheke tu. Mimi mwenyewe nikiikumbuka huwa najiuliza kama niliota.

Mnakumbuka ile miaka ya foleni, sukari ya kugawiwa na sabuni ya kukatwa kipande. Halafu ikaja ruksa ya kufanya biashara, bidhaa zikajaa madukani, na mimi nikafungua duka langu. Ndugu zangu, ilifika mahali nikalala chumba kimoja na magunia ya sukari. Nilikuwa nafumba macho, naivuta ile harufu, naona kama nimefika nchi nyingine. Basi nikala. Chai ya maziwa, chapati zinazovuja mafuta, mchana ugali na sato wa kukaanga, jioni wali. Nilikula na kile nilichokikosa ile miaka ya foleni. Mwili ukaja, na nikipita watu wanasema, "Mama Magesa umependeza, duka limekubali." Baba Magesa akitembea na mimi anatoa kifua.

Hayo yalikuwa raha. Lililofuata halikuwa raha.

Nilikuwa na mdogo wangu, Eliza. Tulinyonya ziwa moja, na ziwa moja ndilo tuliloogea, kule kwetu Majita. Eliza alikuwa mtu wa kicheko, akicheka huku wavuvi wanageuka kule. Akaja kwangu anaumwa. Ugonjwa wenyewe mnaujua, wakati ule tulikuwa tunashusha sauti tu na kusema "ule ugonjwa". Aliisha, ndugu zangu. Aliisha mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni yenyewe. Watu waliacha kuja nyumbani. Walipita mbele ya mlango wakitazama upande wa pili wa barabara. Nilimuuguza peke yangu chumba cha nyuma, na alifia mikononi mwangu asubuhi moja, jua linaingia dirishani vizuri kabisa.

Tulipomaliza kumzika, nikaanza kula kwa woga. Nikipata malaria kidogo mashavu yakashuka, nakwenda kwenye kioo, namwona Eliza ananiangalia. Narudi jikoni. Unene ndio uliokuwa unanitetea. Maadamu ninajaa mlangoni, nani atasema Mama Magesa anaumwa? Nilikuwa mfungwa wa sahani, ndugu zangu, na nilijifunga mwenyewe.

Siku moja niliinama dukani kuinua katoni ya sabuni, pumzi ikakata. Nilipofumbua macho niko chini, wateja wananipepea na maboksi. Hospitali daktari akapima presha, akapima tena. Kisha akasema, "Mama, moyo wako umechoka. Punguza mwili, la sivyo hautakufikisha mbali." Kijana mdogo, lakini alisema kwa upole. Nililia njia nzima kurudi. Nisipopungua nakufa, na nikipungua nitafanana na marehemu. Nichague lipi?

Nilipelekwa Igoma na jirani yangu. Kuna ghala la zamani la pamba, la ushirika. Ushirika ulipolala, wakabaki popo na mizani. Humo ndani mwanamke mmoja, Mwalimu Doto, alikuwa anafundisha kinamama mazoezi. Alikuwa mwalimu wa michezo, akapunguzwa kazi pamoja na wale wengi waliopunguzwa. Alitupokea kwa maneno haya: "Mimi nilipunguzwa bila kuulizwa. Ninyi mmekuja wenyewe kupunguzwa, kwa hiyo sitaki kusikia mtu analia."

Akanipandisha kwenye ile mizani ya marobota. Sitawaambia ilisema nini.

Ndani ya ghala zilikuwepo baiskeli, zile nzito za kubebea mizigo, zote zimesimama kwenye stendi, gurudumu la nyuma liko hewani. Kila gurudumu amelibana kwa kipande cha mpira. Akikaza, unapanda mlima. Akilegeza, unateremka. Unakanyaga na huendi popote. Na ilitufaa hivyo, maana mwanamke wa umri wangu apande baiskeli barabarani Mabatini? Wangefunga maduka waje kuangalia.

Anawasha redio kaseti, kwaya inaimba taratibu, halafu anasema, "Fumbeni macho. Tunatoka Igoma, tunakwenda Musoma." Tunakanyaga. Anataja: Kisesa. Nyanguge. Magu. Anapita nyuma yetu akikaza mipira, "Hapa kuna kilima, msisimame." Akifika Lamadi anasema, "Punguzeni mwendo, wanyama wanavuka."

Ndugu zangu, sijui kama nilikuwa macho au nimelala. Miguu inazunguka, jasho linashuka, na lile ghala linaondoka. Naona pamba imefumuka nyeupe pande zote mbili za barabara. Naona nyumbu wanavuka kimya kimya, vumbi halipandi. Bunda nawaacha wenzangu waendelee na Musoma, mimi nakata kushoto peke yangu kwenda kwetu. Nasikia harufu ya dagaa walioanikwa kwenye mawe. Namwona mama yangu, marehemu siku nyingi, anapepeta mtama mlangoni. Ananitazama, anatabasamu, anaendelea kupepeta. Kaseti ikiisha nafumbua macho, niko Igoma, kanga imelowa chapachapa. Nilikuwa nasubiri siku za darasa kama mtu anayesubiri barua ya mchumba.

Mwili ukaanza kushuka, halafu mizani ikagoma. Wiki inakuja, wiki inapita, iko palepale. Mwalimu Doto akasema, "Mama Magesa, miguu yako imeizoea baiskeli, sasa unaendesha usingizini. Lazima tuchanganye." Nikamwambia mimi nimekuja kwa ajili ya baiskeli, hayo mengine awape wenye mifupa laini. Akaniambia, "Sawa, mama," na akanipa kamba. Kamba ya kuruka, mimi, mwenye mtoto aliyeoa!

Basi tukachanganya. Jumatatu baiskeli kwa muda mrefu, mpaka Musoma. Jumatano baiskeli fupi ya kupasha mwili moto, kisha kamba, kuchuchumaa na kuinuka, na kunyanyua madumu ya mchanga, kwa sababu alisema mikono nayo ina haki yake. Ijumaa tunatoka nje, tunapanda kilima kwa miguu katikati ya yale mawe makubwa, mpaka juu ambako ziwa lote unaliona. Siku ya kwanza nilifika nusu nikakaa juu ya jiwe nikamtukana Mwalimu Doto kwa Kijita. Na ile chai yangu ya sukari akaifuta kabisa. Tuligombana kuhusu chai kuliko yote.

Lakini ikakubali! Nikaanza kupiga magoti kuomba na kuinuka bila kushika benchi. Kanga iliyokuwa haikutani ikawa inazunguka na kubaki. Usiku nikawa nalala bila kukoroma, Baba Magesa ananiamsha kuuliza kama nipo.

Hapo ndipo Mabatini ikaanza kunong'ona. "Mama Magesa umepungua," wanasema kwa ile sauti ya chini niliyoijua. Mteja akija kununua mafuta anaishika chupa kwa ncha ya kanga. Baba Magesa akarudi kutoka karakana ya meli, akakaa kitandani, akasema, "Kazini wananipa pole." Nami nikienda kwenye kioo, Eliza yupo.

Halafu mkaja ninyi, kinamama wa kanisa. Najua mlikuja kwa upendo. Ilikuwa Ijumaa, nimeshuka kilimani jasho linanitoka, nakuta ndala zimejaa mlangoni. Sebuleni kuna chupa ya uji na machungwa, na mnaimba wimbo wa kwenye vitanda vya wagonjwa. Mama Mwenyekiti akanishika mkono, akasema, "Mama Magesa, tuko pamoja na wewe. Usijifiche."

Nikamwambia, "Siumwi, mwenzangu. Ni baiskeli naendesha."

"Baiskeli gani?"

"Ya ghalani. Haiendi popote, lakini nafika mpaka Musoma."

Mama Mwenyekiti akafumba macho, akawaambia wenzake polepole, "Tuombe. Ugonjwa umeshapanda kichwani."

Leo nacheka. Siku ile nililia mpaka mkaona ni dalili. Mlipoondoka niliufungua ule uji nikaunywa wote. Sikurudi ghalani. Nikarudi kwenye chapati, kwenye chai, na kwenye wali wa jioni. Mashavu yakajaa. Mkaanza kunisalimia kwa mkono tena, mkasema, "Unapata nafuu, Mungu ni mwema." Ndugu zangu, sikilizeni hapa. Miguu ilikuwa inavimba. Usiku nilikuwa nalala nimekaa, maana nikilala chali pumzi haiji. Nilikuwa nakufa, na kanisa zima lilikuwa linashukuru kwamba nimepona.

Sasa Bwana akanitembelea. Jumapili mchana, mvua inapiga mabati, nimejilaza kwenye mkeka mgongo ukutani. Nikajiona niko juu ya baiskeli, na safari hii inakwenda kweli, lami inapita chini yangu. Lakini ni nzito, nikanyage vipi haisogei vizuri. Nikageuka, Eliza amekaa kwenye keria ya mizigo nyuma yangu. Mnene, mzuri, na kicheko chake kilekile. Akaniambia, "Dada, utanibeba mpaka lini? Nishushe hapa hapa Lamadi. Mimi nilishafika."

Nikasimama. Akashuka, akafunga kanga yake vizuri, akatembea kuelekea ziwani. Hakugeuka nyuma. Nilipoamka uso umelowa na kifua chepesi. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, ndugu zangu, nilimsikia mdogo wangu tu, na nilijua nani amemtuma. Nikalia pale pale kwenye mkeka, nikasema asante, asante, mpaka mvua ikakatika.

Kesho yake nikaenda Igoma. Mwalimu Doto hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisogeza baiskeli yangu, akakaza mpira, akasema, "Tunatoka Igoma." Alianza nami polepole, mpaka daktari aliporidhika. Baiskeli, kamba, madumu, kilima, vyote. Sikuacha kimoja.

Maneno yakarudi, tena makali zaidi. Baba Magesa, Mungu ambariki, akanishauri kwa uchungu, "Nenda kapime, tubandike majibu dukani, wanyamaze." Nilimkatalia. Nilimwambia, "Nikibandika yangu, kesho watamdai dada mwingine asiye na cha kubandika. Eliza angebandika nini?" Ijumaa iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akapanda kilima pamoja na mimi mchana kweupe, watu wametoka milangoni wanatutazama. Alichoka kabla yangu. Alikaa kwenye jiwe, nikamngoja.

Daktari yule kijana amenipima tena. Presha imeshuka, moyo unapiga vizuri, ameniambia niendelee hivyo hivyo. Mnaniona. Nimekonda, ndiyo, na ni mzima. Na hata ningekuwa mgonjwa, ningebaki Mama Magesa wenu.

Sasa nimalizie, mchungaji naona umeshika saa. Namshukuru Mungu aliyeniokoa na kifo, na aliyeniokoa na macho ya watu, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yananiua zaidi. Dada zangu mnaohema mkipanda ngazi ya kanisa, njooni ghalani, baiskeli zipo na kamba zipo. Msiogope kupungua. Mtumainini Bwana, na mkanyage.

Mama Mwenyekiti, usiiname, mimi nakupenda. Uji wenu ulikuwa mtamu, na nyumba hamkuikosea. Mlichelewa tu. Mdogo wangu Eliza alikufa kwa UKIMWI katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile, na hakuna aliyempelekea hata kikombe. Nimelitaja hilo neno, na kanisa halijaanguka.

Basi ndugu zangu, najua wapo wengine kama Eliza. Wako huko juu kwenye mawe, kwenye zile nyumba za mwisho ambako mnasema njia ni mbaya, na mlango umefungwa na majirani wanapita mbali. Mtu akitoka hapa aje anong'one sikioni mwangu ni nyumba gani. Mimi sasa nina miguu. Nitapanda leo, tukimaliza ibada.